Aliyetoa Mawe Kwenye Pojo

Wiki iliyopita tulikwenda kumzika Mama Kavata kule Shimba Hills, na mimi nikachekesha watu matangani. Msinitukane. Pasta alisimama akaanza, kwa ile sauti yao ya kupanda ngazi, "Mama huyuuu... alikuwa mtu wa maombiii," nami niliyekaa nyuma na wenzangu wa zamani wa jikoni nikamnong'oneza aliye kando yangu kwa sauti ya marehemu mwenyewe: "Pasta, kavla hujaendelea, taja mtu!" Ikawa balaa. Mabibi watano wazima, mvi zimejaa, tunatikisika kwenye benchi kama tumepandwa na pepo, leso mdomoni. Binti mkubwa wa marehemu akageuka. Nikasema leo natolewa. Kumbe naye anacheka huku machozi yanamtiririka, akaja akanishika mkono: "Bi Mwanamisi, iseme tena. Nilikuwa nimeanza kuisahau hiyo sauti." Nikaisema tena. Niliisema mara nne siku ile, mpaka kaburini. Basi tangu nirudi hapa nyumbani Msambweni, mwaka ule niliofanya kazi naye hauniondoki, nikamwambia jirani yangu Mwalimu Riziki alete kalamu, kwa sababu mimi na kalamu hatujuani. Mwalimu, andika ninavyosema. Usininyooshee.

Habari za kwetu, nani alinizaa, nani alinioa na nani akaniacha, hizo siwapi. Hazina utamu, na wahusika wengine bado wako hai na wana masikio. Anzieni hapa: mimi ni msichana wa miaka ishirini hivi, kibarua katika hoteli moja Diani, sijui kusoma hata jina langu, lakini kila mtu aliyefungua mdomo mbele yangu mimi namrudisha mzima mzima, na kikohozi chake. Waliniita Kasuku. Na msidhani nilikuwa kwenye lile jiko la wageni, la kofia ndefu nyeupe na visahani vya maua. Mimi nilikuwa jiko la nyuma, la kuwapikia wafanyakazi, lililobanwa kati ya chumba cha boila na mapipa ya taka. Paa la bati, sakafu ya simenti iliyochimbika, masufuria matatu ambayo mtoto angeweza kuoga ndani, meza mbili ndefu zilizotandikwa plastiki yenye picha za matufaha ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kuyaonja, na dirisha moja. Dirisha lenyewe lilitazama geti. Bahari ilikuwa hatua mia kutoka pale, wageni walipanda ndege kuja kuiona, na mimi mwaka mzima kazini sikuiona hata povu. Niliisikia tu, kama jirani anayepika vizuri na hakukaribishi.

Kazi yangu ilikuwa kuchagua pojo. Kila asubuhi naketi kigodani, ungo mapajani, natoa mawe. Pojo za siku zile zilikuwa zinakuja na shamba lao lote: changarawe, vijiti, udongo, siku moja kifungo cha shati. Unachagua mpaka macho yanalia, na bado jiwe moja linajificha, maana jiwe la pojo ni janja, linavaa rangi ya kijani kama wenzake. Kimani, kijana wa kutoka bara aliyekuwa akiwapelekea wageni vinywaji, alivunjika jino la mbele akaja kunionyesha. "Kasuku, cheki vile umenifanyia! Sasa nitawachekea wageni aje?" Nikamwambia acheke amefunga mdomo kama Afande. Afande ndiye Barasa, mkubwa wa walinzi, mtu mrefu ambaye sauti yake ilitoka kama anaongea ndani ya pipa, na tangu nimfahamu meno yake nilikuwa sijayaona.

Sasa Mama Kavata ndiye aliyekuwa mkuu wa jiko letu. Mkamba, mlokole, mfupi, mnene, ana shamba lake kule Shimba Hills walikogawiwa Wakamba ardhi, na kila akisema "bwana" inatoka "vwana." Kupika alijua. Pojo zake za nazi, na sima yake iliyosimama kama ukuta, watu walikuwa wanazinusa tangu saa nne. Lakini hakupakulii. Unafika mbele na sahani yako, yeye anainua upawa kama askari wa barabarani, anakwambia: "Taja mtu!" Maana yake umtaje mtu mmoja ambaye hujawahi kumwona kwa macho na ambaye leo amekufaa. Hujamtaja, hujala. Foleni imefika mpaka kwenye boila, sisi Waislamu tumeshapiga bismillahi kimoyomoyo, na mama anangoja.

"Mama, nina njaa."

"Njaa si mtu. Taja!"

"Haya, aliyechonga mpini wa jembe langu. Haunichubui." Huyo wa bustani.

"Ahsante yake. Lete sahani."

"Ule msee wa pawa," anasema Kimani, "hata simjui anaishi wapi, lakini leo stima haijapotea na friji yangu iko sawa."

"Ahsante yake. Nyinyi wa nyuma, acheni kusukumana."

Anafika Afande Barasa, anasimama kama mlingoti. "Mimi nitamtaja nani, mama? Mimi niko getini. Hakuna mtu ambaye sijamwona."

"Vasi simama hapo pemveni mpaka umpate."

Na alisimama! Mtu na filimbi yake shingoni, amekodoa macho kwenye bati, foleni inampita, mpaka akapata: aliyemtengenezea filimbi. Akapakuliwa iliyokwisha poa.

Mimi niliona ni upuuzi mtupu. Kila siku nilimtaja yule yule, fundi aliyenishonea gauni, na gauni lenyewe nilishona kwa mkono wangu. Halafu nikigeuka tu, nashika mwiko, natoa tumbo, naanza: "Vwana Mungu, variki aliyelima, variki aliyepalilia, variki na punda aliyebeva, na mama yake punda." Watu wanaanguka. Siku moja wakaacha kucheka ghafla, nikajua yuko nyuma yangu. Sikugeuka. Nikasikia anavuta kigoda, anakaa, anavua viatu vyake, maana miguu ilikuwa inamvimba. Akasema taratibu, "Endelea. Punda nimempenda." Kisha akaniambia jambo ambalo hakuwahi kunihubiria kabla. Kwamba alilima mahindi miaka sita kule juu. Anavuna, anapukuchua, anajaza magunia, lori linakuja linachukua. "Miaka sita, Mwanamisi. Sijamwona hata mtu mmoja aliyeyala. Siku moja nimeinama shamvani nikajiuliza, hivi kati ya wote hao, hata mmoja hajawahi kushika tonge akasema, huyu mtu, popote alipo, amelima vizuri? Ndiyo nikasema, mimi nitakuwa nasema. Kama hakuna anayenisema, mimi nitawasema." Akavaa viatu akarudi kwenye sufuria. Nami nikarudisha mwiko mahali pake.

Lakini kusikia si kuelewa. Kuelewa kulikuja na gunia. Pojo zetu zikabadilishiwa mahali pa kununuliwa. Zikaanza kuletwa kila Jumanne na lori kutoka Samburu, ile Samburu ya Kinango, kwenye barabara kuu ya Nairobi. Dereva alikuwa Mduruma mmoja mpole aitwaye Mangale, mwenye kusalimia mpaka mapipa ya taka. "Hamjambo nyote. Na wewe jiko, hujambo?" Asubuhi ile nikajaza ungo wangu, nikapeta, nikaanza kuchagua. Hakuna jiwe. Nikageuza. Hakuna. Nikamwaga ule, nikajaza mwingine, nikainamisha uso mpaka pua ikagusa pojo. Hata kijiti! Mtu alikuwa amezichagua, tena si kwa kuzipitia harakaharaka kama mimi ninavyofanya mkubwa akiwa hayupo. Amezichagua kama za kumpikia mamake. Nikaliangalia lile gunia. Limeshonwa kwa uzi wa katani, mshono mmoja mmoja umekaa sawa kama meno ya mtoto, na pembe mbili za juu zimebanwa zikawa masikio ya kulishikia, na kila sikio limefungwa kitambaa kilichochanwa kwenye leso kuukuu, chekundu huku, cha manjano kule. Sasa nani anampambia gunia mtu asiyemjua? Nilikaa pale, saa mbili za kazi yangu zimeisha kwa dakika kumi, macho hayaniumi, mgongo hauniumi, nikahisi kama kuna mtu amenishika bega. Mtu hanijui. Hakuambiwa kuna msichana Diani anayelia macho. Mchana nikafika mbele ya upawa. "Taja mtu!" Nikasema, "Aliyetoa mawe kwenye pojo." Kimani akaguna, "Huyo hata mimi nampenda." Mama Kavata hakusema ahsante yake. Akanipakulia na kichwa cha samaki.

Hivi leo ninyi watoto mnabonyeza simu, pikipiki inasimama mlangoni, chakula kimefungwa, mnakula mnaangalia simu hiyo hiyo. Nikiwauliza nani amepika, mnanijibu, "Nyanya, imetoka kwa ile nyumba ya kona." Nyumba inapika? Mimi sisemi mbaya, hata mimi nala, na kuku wao ni mtamu. Ila mate hayanishuki mpaka nimemwambia yule mpishi neno, hapo hapo mezani, na wajukuu wananiigiza siku hizi kama nilivyomwigiza Mama Kavata. Waigize. Ndivyo lilivyoniingia mimi, kwa mdomo kwanza.

Basi ikanikaa moyoni kwamba kumtaja hakutoshi, lazima ahsante ifike. Lakini ifike vipi? Barua siwezi. Kumpa Mangale salamu, nampa za nani kwa nani? "Mwambie aliyetoa mawe" ni kama kumwambia mtu akamsalimie aliyevaa shati. Nikaona magunia matupu. Kila Jumanne Mangale akishusha yaliyojaa, anakunja matupu ya wiki iliyopita anarudi nayo. Nikachuma mabungo, nikatia machache kwenye pembe ya gunia tupu, nikachana upindo wa leso yangu ya bluu ya kujifunga, nikafunga sikio kama yeye anavyofunga. Mkono wangu haukujua kuandika, lakini kufunga ulijua. Jumanne iliyofuata gunia likarudi limejaa pojo safi, na ndani ya sikio, chini ya kitambaa chekundu, ukwaju! Nilipiga kelele mpaka Afande akaja mbio na rungu akidhani nimeungua. Jiko zima likaingia wazimu. Siku ya Jumanne ikawa kama sikukuu. Wa bustani akaleta mbegu za maua, Kimani akaleta kifuniko cha chupa chenye picha, Mama Kavata akasema yeye hana la kutuma ila maombi, akaombea gunia, mikono juu. Na kule nako vikaja vitu: njugu, kipande cha nta ya nyuki, siku moja manyoya mawili ya kanga. Hatujui jina, hatujui kama ni mwanamke au mwanamume, kijana au mzee. Kimani alishaamua ni msichana mrembo, akawa anachana nywele siku za lori.

Miezi ikaenda. Mwisho wa mwezi wa tisa nikaitwa ofisini nikaambiwa nitaandikwa kazi, nisiwe kibarua tena. Kwa mwanamke asiye na shule, aliyeachwa, kuandikwa ilikuwa kama kuzaliwa upya. Niwe na sare na jina langu kifuani, hata kama sitaweza kulisoma. Wakasema tarehe moja. Nami kwa furaha ile nikasema Jumanne hii namtumia rafiki yangu kitu cha maana. Tulikuwa na ndoo ya sabuni jikoni, zile ndogo zinazobaki vyumbani mgeni akiondoka. Tulipewa tufulie aproni. Nyingi zilikuwa vipande, lakini chini kulikuwa na tatu nzima, bado zimo kwenye karatasi yenye picha ya mnazi, zinanukia kama harusi. Nikazitia kwenye sikio la gunia, nikachana tena upindo wa leso yangu, nikafunga. Sikumwambia mtu. Wallahi sikuona kosa. Begi langu nikitoka jioni lilikuwa linapekuliwa, hilo nalijua, lakini gunia tupu? Mawazo yangu yalikuwa Samburu, hayakuwa getini.

Kumbe wiki ile mataulo yalikuwa yanapotea hotelini, na Afande Barasa ameambiwa hata nzi akitoka akung'utwe. Nasikia kwenye dirisha, "Mangale, shusha hayo magunia." Nasikia Mangale, "Afande wangu, hujambo tena, haya ni matupu." Kisha magunia yanakung'utwa. Kisha ile sauti ya pipa: "Na hizi ni nini? Gunia tupu linaoga?" Nikachungulia. Barasa ameshika sabuni zangu tatu kiganjani, na Mangale anatazama kama mtu aliyeonyeshwa mtoto akaambiwa ni wako. Meneja akaja, mama wa bara aliyevaa miwani yenye mnyororo. Nikasikia, "Kumbe ni wewe. Kila Jumanne. Na mataulo yetu yako wapi?" Mangale anaapa. Meneja anasema lori halitoki, polisi wa Ukunda wanaitwa, na mwenye lori apigiwe simu atafute dereva mwingine. Mangale alikuwa na watoto saba. Najua, alishatutajia majina yao yote kama anasoma dua. Alikaa chini pale kwenye kivuli cha gurudumu, kofia mkononi, hasalimii mtu.

Nami nilifanya nini? Nilipeta. Ungo mapajani, napeta pojo ambazo hazina kitu, fu, fu, fu. Nikajiambia wataona ni sabuni tu, watamwacha. Nikajiambia tarehe moja ni Ijumaa, siku tatu tu. Mchana ukafika, foleni ikajipanga, hakuna anayecheka. Mama Kavata akainua upawa, lakini hata yeye sauti imepungua. "Taja mtu." Zamu ya Kimani. Akasema, kwa sauti kubwa, "Leo mimi namtaja huyo aliyeweka sabuni kwa gunia. Hatumjui. Hatumwoni. Amejificha mahali anakula, na Mangale anaenda jela. Ahsante yake!" Mama Kavata akabaki na upawa hewani. Hakuna aliyenitazama, kwa sababu kila mmoja alikuwa akitia vitu humo, hakuna aliyejua ni nani. Na ndiyo iliyonichoma. Mwaka mzima nimesikia wakitajwa watu wasioonekana, wote wema: wa filimbi, wa jembe, wa stima. Leo asiyeonekana ni mimi, na hivi ndivyo kazi yangu ilivyomfikia mtu, kwa kumpeleka jela.

Nikasimama. Nikatoka na ungo mkononi, sijui kwa nini sikuuweka. Nikavuka uwanja mpaka getini nikasema, "Sabuni ni zangu. Mangale hajui kitu." Afande Barasa akanitazama, akakunja uso. "Kasuku, ondoka hapa. Leo si siku ya maigizo. Unamwigiza nani?" Nikasema simwigizi mtu. Akasema, "Hiyo sauti si yako." Na kweli, sauti ilitoka nyembamba, inatetemeka, hata mimi nilikuwa siijui. Meneja akauliza huyu ni nani. Barasa akamwambia ni wa jikoni, anaigiza watu, asimsikilize. Jamani! Siku ya kwanza maishani nasema langu mwenyewe, na hakuna anayeliamini! Basi nikavua leso yangu ya bluu mbele za watu, nikamtandikia Afande kwenye kibanda chake, nikamwonyesha upindo ulivyochanwa, nikamwambia alete kile kitambaa kilichofunga sikio la gunia. Akakileta. Kikakaa pale pale, maua kwa maua. Mangale akainuka pale chini taratibu. Akaniambia, "Mwanamisi, hujambo," kama ndiyo kwanza tunaonana.

Meneja hakuwa mtu mbaya. Alinisikiliza yote, mabungo, ukwaju, manyoya ya kanga, na nilipofika kwenye maombi ya gunia mdomo wake ulitaka kucheza. Lakini akarekebisha miwani akasema, na hili nalisema kwa sauti yake mpaka leo, "Mlipewa mfulie. Hamkupewa mtoe. Dereva aende. Wewe, hapa huandikwi, na leo unatoka." Nikasema sawa. Mama Kavata ndiye aliyelia, tena kwa matusi. "Mjinga wewe! Savuni! Si ungemtumia hata chumvi yangu!" Huku ananifungia sima na samaki kwenye jani la mgomba, za kuliwa na watu wanne. Afande Barasa akafungua geti, akaangalia pembeni, hakuniaga. Mangale akaniuliza naelekea wapi. Nikamwambia nimeshatolewa kazini kwa ajili ya mtu nisiyemjua, angalau nikamwone sura.

Tulipanda Kwale, tukalala Kinango kwa dada yake Mangale, asubuhi tukaingia Samburu. Ghala lenyewe lilikuwa kando ya barabara, malori yamepanga mstari, mbuzi wanavuka kama wao ndio waliojenga lami. Mangale akanipeleka kwa mama mmoja mkavu, mrefu, ameketi juu ya gunia, mkononi sindano ya kushonea magunia ndefu kama kidole. Mama Umazi. Nikamwamkia, "Shikamoo." "Marahaba." Nikamwambia mimi ndiye wa Diani, wa leso ya bluu. Nilikuwa nimejiandaa kukumbatiwa. Akanitazama kuanzia miguuni. "Wewe ndiye? Mabungo yako yalikuwa machungu." Nikasema nimekuja kutoa ahsante kwa vile pojo hazina mawe. Akatia uzi kwenye tundu la sindano. "Mimi nashona tu. Mawe siyatoi mimi. Nenda pale." Pale walikuwa kina mama sita kwenye kivuli cha bati. Nikatoa ahsante. Wakatazamana. "Sisi tunatoa yaliyobaki, dada. Wanaopeta ndio wenye kazi kubwa, wako nyuma." Nikazunguka nyuma, vumbi mpaka kwenye kope, nikatoa ahsante tena. "Ah, sisi! Hizi zinakuja safi kutoka mashambani, kuna watu wanazipigia juu ya majamvi, hawapigii chini." Na ukwaju? Wa mpakizi. Manyoya ya kanga? Ya mlinzi. Wazo la kuchana leso? Mama Umazi akasema alimwona shangazi yake akifunga hivyo, na shangazi yuko mji wa Mackinnon Road, kama nina nauli. Asubuhi yote nazunguka ghala kama mtu anayeuza kitu, ahsante, ahsante, kila mmoja ananielekeza kwa mwingine, na nyuma yangu wameshaanza kuniigiza! Nawasikia: "Ahsanteni kina mama wa Samburu," sauti yangu mwenyewe, ile mpya ya getini. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Nilipokaa, Mama Umazi akapaza sauti bila kuinua macho kwenye mshono wake. "Umeshamshukuru kila mtu. Sasa shika ungo. La Diani linapakiwa Jumatatu na tuko nyuma." Nikamtazama Mangale. Mangale akasema, "Haya, hujambo," akaenda kulala chini ya lori lake. Wale kina mama wakasogea, nikapata nafasi ya kukunja miguu katikati yao, nikawekewa ungo. Pale ndipo nilipokaa hadi mvua za mwaka uliofuata, na wale ndio walionifundisha kuchagua kwa vidole bila kutegemea macho, ndiyo maana hadi leo, na huu ukungu machoni, pojo zangu hamna anayelalamika.

Jiwe la kwanza nalikumbuka. Nilitia kidole, nikaligusa, dogo, la kijani, janja. Nikalishika juu. Hili, nikasema moyoni, lilikuwa linakwenda Diani moja kwa moja kwenye jino la Afande Barasa. Nikaliangalia vizuri. Nikaangalia gunia lililo wazi pale karibu na goti langu. Mama Umazi akaacha kushona. "Unangoja nini na hilo jiwe?" Nikamwambia hakuna, mama, nalipima tu. Kisha nikalitupa mbali, kule barabarani kwa mbuzi, na yeye Barasa hakujua wala hatajua.